Maganda Yaliyooshwa

Hadithi nyingine huanzia hapo kale. Hii inaanzia hapo mbele, mwaka ambao wajukuu wa msomaji watakuwa wazee wa kulalamikia magoti. Anayebisha na asubiri mwaka huo ufike.

Asubuhi ya Jumapili Bi Mize Kombo alifungua mlango wa chuma wa bahari, akanusa waridi.

Alisimama palepale kizingitini, ufunguo mkononi. Bahari ya Singida ilikuwa na harufu yake, ya chumvi na chuma kilicholowa, na kwa miaka thelathini na mmoja aliyoitunza haikuwahi kunukia kitu kingine. Leo ilinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Aliwasha taa. Pembeni mwa bwawa, lile bwawa refu kama kanisa, povu jeupe lilikuwa limejikusanya kama la karai la kufulia. Alipiga magoti, akachovya kidole, akakionja. Chumvi kwanza, halafu uchungu wa sabuni.

Hakuhitaji kutazama chini, lakini alitazama. Punje walikuwa wamelala sakafuni, maelfu kwa maelfu. Punje ni konokono wadogo wa ganda, kila mmoja kama chembe ya uwele, ambao maisha yao yote huelea majini kwa kupigapiga vibawa viwili. Siku hiyo hakuna aliyeelea. Na juu yao, kama vipande vya kioo laini, walikuwa wamelala wari kumi na wanane, konokono watupu walao punje.

Ntandu, fundi wa pampu, alimkuta amekaa sakafuni na miguu ameinyoosha, jambo ambalo Bi Mize hakulifanya hata msibani. Akamuuliza kama ameanguka.

"Zima pampu," alisema Bi Mize. "Ukizungusha maji hayo utazungusha sabuni."

Ntandu alizima. Ukimya ulioingia haukuwa umewahi kusikika ndani ya jengo lile.

*

Bahari yenyewe, ile kubwa, ilikuwa imechacha. Haikuchacha siku moja kama mchuzi uliosahaulika jikoni. Moshi wa karne mbili ulizama ndani yake polepole, maji yakawa makali, na kila kilichovaa ganda kikaanza kuliwa nguo yake mwilini. Chaza walitoboka. Makome yalilainika kama andazi kwenye chai. Ndipo wakubwa wakakata shauri la kuhamisha bahari, kiasi cha kuhamishika, na kuipeleka mbali na pwani, juu, mahali ambapo kuna dawa ya uchachu. Dawa ni chokaa, na chokaa safi kuliko zote ilikuwa kwenye takataka za Singida. Mji ule una kuku wengi kuliko watu, na kila kuku ni kiwanda cha chokaa. Basi mabehewa ya matangi yalipanda kutoka pwani safari mia tatu na arobaini, na Bi Mize, binti wa Pemba aliyekuwa bado hajapata mvi, alipanda nayo akikaa juu ya tangi la kwanza kama bibi harusi juu ya kasha lake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimulia. Ntandu, aliyekuwepo siku ile, hushikilia kwamba alifika kwa basi, amelala, mdomo wazi.

Kila Jumamosi watu walileta maganda ya mayai. Yalitwangwa kwenye kinu kikubwa cha uani, unga wake ukamiminwa bwawani. Maji yakapoa ukali, punje wakapata cha kujengea maganda yao. Na wari wakapata punje, kwa sababu mwari hali kitu kingine. Humkumbatia punje kwa vidole vyake viwili vya kunata, akamgeuzageuza mpaka mdomo wa ganda uelekee kwake, akamnyonya. Ukimpa kingine chochote hukitazama mpaka afe.

Jina la wari ni Bi Mize aliyelitunga. Kwenye makaratasi ya serikali walikuwa na jina la kigeni lenye herufi nyingi kuliko wao wenyewe: ukoo adimu wa konokono waogeleao wasio na ganda, wa mwisho kujulikana. Sasa nani ataamka Jumamosi kumletea maganda mtu mwenye jina hilo? Bi Mize alikwenda kwenye redio ya mji akasema kwamba kule ndani amefungiwa wari, mabinti wa bahari, watupu, hawajawahi kuonwa na jua, na yeye ni kungwi wao. Mji ulicheka, kisha ukapenda. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna nyumba iliyotupa ganda la yai. Mabwana harusi walipeleka ganda la yai la kwanza walilokaangiwa na wake zao.

Juma lililopita alirudi redioni. Alitangaza kwamba mmoja wa wari ni mjamzito, na kwamba wasimuulize mume ni nani, kwani konokono hawa kila mmoja ni mume na ni mke, wamejipunguzia ugomvi. Akaahidi kwamba siku ya kuzaa, wari wote watatolewa nje: watu wataruhusiwa, kwa mara ya kwanza, kuja kuwatazama.

Kumtoa mwari nje. Alilisema kwa mzaha, huku akinywa chai ya redioni, ambayo ni mbaya.

*

Bi Sesilia Mukhandi, mwenyekiti wa kinamama wa maganda, alikuja baada ya misa akiwa bado na kitenge cha kwaya. Bi Mize alimzuia langoni. Sesilia hakutaka kuingia. Alitaka kuuliza tu. Alieleza kwamba safari hii kinamama wa Utemini na wa Mandewa walikaa vikao viwili. Wakaona haiwezekani. Mwari anatolewa, naye anapelekewa maganda yenye utando wa yai na kinyesi cha kuku? Watu wa pwani wangesemaje? Basi waliyaosha. Magunia yote. Walinunua sabuni ile nzuri ya unga, ya waridi, wakayaloweka usiku kucha, asubuhi wakayaanika juu ya mikeka, wakayageuza kwa mkono ili kila moja likauke.

"Kweli, wifi," alimalizia Sesilia, "walisikia harufu?"

Walikuwa wakiitana wifi kwa miaka mingi, ingawa hakuna kaka wa yeyote aliyeoa kwa mwenzake. Bi Mize alimtazama mikono. Ilikuwa imechubuka vidoleni, kama ya mtu aliyefua nguo za harusi.

"Walisikia," alisema. "Walifurahi mno."

Sesilia alikwenda zake akiimba kwaya. Ntandu, aliyekuwa nyuma ya lango, hakusema neno, na Bi Mize alimshukuru kwa hilo, kwa kuwa Ntandu kutosema neno ni kazi kubwa.

*

Aliyebaki alikuwa mmoja. Mwari mjamzito alikuwa ametengwa tangu mwanzo wa mwezi kwenye karai la kioo juu ya meza ya Bi Mize, kwa maji yake mwenyewe, na sabuni haikumfikia. Alikuwa na ukubwa wa tunda la zambarau, na mwili wake haukuficha kitu: ndani ungeona watoto kumi na mmoja, kila mmoja amejikunja. Wari wa ukoo huu hawatagi. Mama huwabeba watoto ndani, na wanavyokua humla. Tumbo lake huyeyuka, ini huyeyuka, kila kiungo kinawapisha, mpaka mwishowe ni mfuko unaoogelea. Siku ya kuzaa hupasuka, na kazi yake imekwisha. Watoto hutoka na akiba ya siku sita. Siku ya saba wanahitaji punje.

Bi Mize alipiga simu. Kituo cha Kilwa kilikuwa kimefungwa tangu mwaka juzi. Mombasa walikuwa na bwawa, lakini ndani yake mlikuwa na viwavi wa baharini tu, wale wawashao. Mwanamume mmoja wa Maputo alimpigia baadaye kumwambia kwamba punje wa mwisho aliyemwona alikuwa kwenye picha. Hakuna punje duniani, alimwambia Ntandu, na alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Jumatano ikafika mashine.

Iliitwa Msomaji, nayo ilikuja kwenye behewa lake peke yake, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Aliyekuja nayo alikuwa Daktari Tumpale Mwakisu wa Idara ya Kumbukumbu za Viumbe, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye kabla ya yote alimwamkia Bi Mize shikamoo, akampa pole kama ya mfiwa, akaomba kuwaona waliokufa. Aliwatazama mmoja mmoja. Bi Mize alikuwa amejiandaa kumchukia, na sasa alishindwa aanzie wapi.

Msomaji, alieleza Tumpale, humchukua kiumbe hai akamsoma tabaka kwa tabaka, tabaka nyembamba kuliko utando wa kitunguu, akaandika kila kilichomo: mwili, damu, mpaka namna neva zilivyokuwa zikitetemeka dakika ile. Kiumbe habaki. Yanabaki maandishi. Siku moja patakuwa na mashine nyingine ya kuyafuata maandishi hayo na kumfuma kiumbe upya, bahari ikishapona. Na huyu mwenye watoto tumboni alikuwa bahati isiyotarajiwa: angesomwa mzazi na mtoto kwa pamoja, ukoo mzima kwenye ukurasa mmoja. Ila lazima asomwe kabla hajazaa. Na lazima awe amejikunjua.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Mwari akiguswa na mkono mgeni hujikunja akawa tufe, na tufe halisomeki. Alijikunjua kwa mtu mmoja tu. Bi Mize aliingiza mkono majini asubuhi na jioni, akauacha upate baridi ya maji, akavuma wimbo wa kuwafunda wari bila maneno yake, kwa sababu maneno yake hayasemeki mbele ya watu. Na mwari alikuja akakaa kiganjani, wazi kama dirisha.

"Umesoma wangapi?" Bi Mize aliuliza.

"Mia mbili na sita, mama."

"Waliorudi?"

Tumpale hakutazama pembeni. "Hakuna. Mashine ya kufuma bado. Tulijaribu kwa kamba mmoja. Alitoka kama uji."

"Sasa kwa nini unasoma, mwanangu?"

"Kwa sababu zamani, kabla sijapewa mashine, nilikuwa nakwenda kuwatazama wakifa. Tu. Nikishika daftari."

Ntandu aliona Msomaji ni afadhali. Alisema akiwa mlangoni, anafuta mikono kwa tambara: kitabu kilichofungwa kinaweza kufunguliwa, kaburi haliwezi. Halafu akaongeza kwamba lakini yeye ni mtu wa pampu. Tumpale alimwambia Bi Mize kwamba treni inaondoka kesho saa kumi jioni, na hatamlazimisha. Fomu ina nafasi ya sababu ya kutosomwa.

*

Alhamisi Bi Mize aliingiza mkono karaini asubuhi, na mwari akaja.

Tumpale alikuwa ameshawasha Msomaji. Ilikuwa na mdomo wa kioo wenye maji, na unyamavu uliokuwa karibu na adabu. Palikuwa na hatua tano kutoka mezani. Bi Mize alizitembea tatu, kiganja kimejaa maji, mwari amejikunjua ndani yake. Watoto walikuwa wakigeuka. Mmoja alikuwa tayari anapigapiga vibawa ndani ya mama yake, anafanya mazoezi ya bahari.

Alisimama. Watu wa kwao hawasifu makungwi, huwatania. Lakini kuna jambo moja hata mlevi hamtanii kungwi nalo. Mwari aliyeingizwa ndani hutolewa. Akiugua, hutolewa. Kukiwa na vita, hutolewa, hata kama nje hakuna ngoma wala mtu, aone jua na jua limwone. Kungwi ambaye mwari wake hakutoka hana jina. Naye, kwa mzaha, mbele ya chai mbaya, alikuwa amewaahidi hawa.

Aliwaza pia kwamba hiyo ni hoja ya mwanamke mzee anayejitafutia udhuru. Aliwaza yote mawili, wala moja halikulishinda jingine. Mkono ndio ulioamua, kwa kurudi ulikotoka.

Tumpale alizima mashine. Kwenye fomu, penye sababu, Bi Mize aliandika kwa mkono wake: *Alikuwa anajifungua.*

Treni iliondoka saa kumi.

*

Mwari alizaa Ijumaa, saa nne asubuhi. Bi Mize na Ntandu walikuwa wamelibeba karai mpaka uani, wakaliweka juu ya meza penye jua, na Bi Mize alikuwa amempelekea Sesilia habari aje, yeye peke yake.

Haikuwa na kelele. Mfuko ulijipasua upande mmoja, polepole kama mshono unaoachia, wakatoka mmoja mmoja: kumi na mmoja. Walipanda juu kuelekea mwanga, vibawa vikipiga, na jua likapita ndani yao likaandika duara ndogo za rangi chini ya karai. Mama alishuka chini, tupu.

Sesilia alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kisha aliuliza wale wari wengine wako wapi, aende akawaone nao. Na hawa wachanga wanakula nini.

"Wifi," alisema Bi Mize. "Nilikudanganya."

Alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kutumia katika mji ule: sabuni, punje, kumi na wanane. Akaongeza kwamba kosa ni lake, kwa sababu yeye ndiye aliyewaita wari. Angewaita konokono, nani angewaoshea? Sesilia alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, akaificha ndani ya kitenge, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Bi Mize alifungua lango saa mbili kama kawaida, akakaa karibu na kinu. Hakuja mtu. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza bila maganda katika miaka thelathini na mmoja.

Jumanne watoto walianza kuwinda. Sakafuni mwa karai mlikuwa na chembe za maganda ya zamani, zile za miezi iliyopita ambazo hazikuoshwa. Mtoto wa kwanza alishuka, akaikumbatia chembe moja kwa vidole vyake viwili vya kunata. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akiutafuta mdomo wake. Hakuna aliyemfundisha, na alikuwa akifanya sawasawa. Aliigeuza mpaka adhuhuri.

Bi Mize aliondoka mezani akaenda kwenye simu. Tumpale alipokea, nyuma yake reli inasikika. Bi Mize alimuuliza kama Msomaji anaweza kuwasoma wachanga. Watajikunjua, alisema, hawaogopi mkono wangu, wamezaliwa nao. Tumpale alieleza kwamba treni ilikuwa imekwama njiani siku tatu. Walikuwa wamepita Kaliua, wanakwenda Kigoma kumsoma samaki. Treni ya kurudi ingefika Singida baada ya siku tisa.

"Samahani, mama," alisema Tumpale.

"Usiniombe samahani. Miye ndiye niliyekurudisha." Halafu, kwa kuwa simu ilikuwa bado wazi: "Huyo samaki. Kabla hujamsoma, mtazame kidogo."

Wa kwanza alikufa Alhamisi alfajiri na wa mwisho siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana. Watatu kati yao walikufa wameshika maganda. Ntandu alitaka kuyatoa, Bi Mize akamwambia ayaache.

*

Jumamosi iliyofuata aliamka kwa mazoea. Alifungua lango kwa sababu mkono ulishazoea saa hiyo.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Kinamama wa Utemini, wa Mandewa, wanaume wawili watatu waliovaa kama watu waendao msibani, kila mmoja na gunia au sufuria au kikapu. Na mbele yao wote Bi Sesilia Mukhandi, gunia kichwani.

Alilitua miguuni mwa Bi Mize akalifungua. Maganda yalikuwa na utando ndani, yamekauka manjano. Mengine yalikuwa na manyoya ya kuku yamegandia, na kinyesi. Yalinuka vibaya, kama inavyotakiwa.

"Hatukuyaosha," alisema Sesilia.

Bi Mize alijua anachotakiwa kuwaambia. Karai lilikuwa mezani, limefunikwa kwa kanga. Bwawa lilikuwa na maji safi ya chumvi, sabuni imechujwa, pampu imezimwa tena, na halikuwa na mtu. Wakubwa walikuwa wameshaandika barua kwamba lifungwe mwisho wa mwezi. Aliwatazama wale watu na mizigo yao, akaona kwa Sesilia kwamba Sesilia ameshajua, na kwamba amekuja akijua, na kwamba njiani amewaambia wote.

Aliinama akachota maganda kwa mikono miwili, akayatia kinuni. Sesilia akashika mchi wa pili.

Ntandu alisikia vishindo kutoka ndani, kimoja cha Bi Mize, kimoja cha wifi yake. Alisimama kidogo mbele ya pampu, akiwa na tambara lake. Kisha akaiwasha, maji yakaanza kuzunguka.